Farasi wa Ununio Aliyekataa Lijamu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kaskazi alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu kisa hiki kilipoanza. Ni dume aliyehasiwa, chotara wa farasi wa mbio, rangi ya kahawia iliyokolea, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Alinunuliwa Arusha akaletwa Dar es Salaam kwa lori, safari ya zaidi ya kilomita 600, akawekwa kwenye banda dogo la watu binafsi upande wa Ununio. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara. Farasi alimnunulia binti yake wa kidato cha tatu, aliyeanza kupanda tangu akiwa mdogo. Saisi, yaani mtunza farasi wa banda, ni mzee wa Kigogo aliyekulia na punda kabla ya kuingia kwenye kazi ya farasi, na nitamtaja mara nyingi kwa sababu bila macho yake tungechelewa sana.

Malalamiko yalikuwa haya. Akivishwa lijamu, kile chuma cha kinywani kinachofungiwa hatamu, alikuwa akitulia. Akipandwa, hatamu zikilegea, alitembea vizuri. Mpandaji akishika hatamu kidogo tu, hasa kwa kugeuka kulia, Kaskazi alirusha kichwa juu kwa nguvu kiasi cha kumgonga mtu usoni. Akiendelea kushikwa, aliupitisha ulimi juu ya chuma na kuuacha unaning'inia pembeni. Akibanwa zaidi, alisimama kwa miguu ya nyuma. Alifanya hivyo mara mbili, na mara ya pili binti alianguka kwenye mchanga akaumia bega.

Mtu aliyekuwa akimfundisha wakati huo alitoa hukumu yake: farasi huyu ana kiburi, avunjwe mapema. Alishauri inunuliwe lijamu yenye mikono mirefu na mnyororo wa chini ya kidevu, na ukanda wa pua ukazwe mpaka mdomo usifunguke. Vifaa vilikuwa vimekwisha kununuliwa nilipoitwa. Mama alinipokea kwa haraka ya mtu aliyekwisha kutumia fedha nyingi. "Mwalimu, mimi nataka mtoto apande likizo ya Desemba. Kama ni mkorofi niambie, nimuuze."

Naweka msimamo wangu wazi kabla ya kuendelea, kwa sababu kila nilichofanya kilitokana nao. Farasi mchanga hana kiburi cha lijamu. Anachokuwa nacho ni maumivu, au somo ambalo watu wamemfundisha bila kujua. Kwa Kaskazi vilikuwepo vyote viwili, kimoja kimekaa juu ya kingine, na ndiyo maana kisa chake kinafaa kuandikwa kwa urefu. Aliyetibu maumivu peke yake angeshangaa kuona tabia imebaki, na aliyeanza na tabia angekuwa anampiga mgonjwa.

Tuanze na kinywa

Kati ya meno ya mbele ya farasi na magego yake kuna pengo, na lijamu hukaa hapo. Ufizi wa mahali hapo ni mwembamba, na chini yake kuna mfupa wenye ukingo mkali. Ulimi umejaza karibu nafasi yote iliyobaki. Kwa hiyo chuma tunachokiweka hakina chumba cha kujinafasi: kinalalia ulimi, kinagusa ufizi, kinavuta pembe za mdomo, na kikiwa na kiungo kimoja katikati na kikawa kipana kupita kiasi, kinaweza kugonga kaakaa.

Halafu kuna suala la umri, ambalo watu wengi wanalipita. Kuanzia miaka miwili na nusu hadi minne na nusu farasi hubadilisha meno yake yote 24 ya utotoni. Meno mawili ya katikati mbele hutoka kwanza, yanayofuata yakiwa na miaka mitatu na nusu hivi, ya pembeni kwenye minne na nusu. Magego ya mbele nayo yanasukumwa na mapya yanayotoka chini yake. Ni miaka hiyohiyo ndiyo tunayochagua kumvisha lijamu na kumpanda. Tunamfundisha mnyama kwa kutumia kiungo ambacho kwa wakati huo kimevimba, kinalegea na kuuma. Kwa maoni yangu, mtu yeyote anayefundisha farasi wa umri huo bila kukagua meno anafanya kazi gizani.

Nilimwomba saisi amtoe Kaskazi akiwa na kamba ya kichwani tu. Sikutaka kumwona akipandwa. Nilimuuliza kwanza yeye.

"Shikamoo mzee. Umemwona nini wewe?"

"Marahaba. Mimi nimwambie mama nini, wameshasema mkorofi." Alinyamaza kidogo, akaendelea. "Lakini akikaa na chuma bila mtu anatulia, anakitafuna tu. Mtu akishika upande wa kushoto, anavumilia. Akishika wa kulia, ndiyo vita. Na akila, anakula vizuri kabisa."

Hilo la kula vizuri ndilo lililokuwa limewapoteza wengine. Walikuwa wamefungua mdomo, wakaangalia, wakaona meno meupe, na kwa kuwa majani hayamdondoki wakasema meno hayana shida. Lakini kuna kijino kidogo kinachoweza kuota mbele tu ya gego la kwanza, mara nyingi taya la juu, ambacho hakitafuni chochote. Farasi anaweza kula shibe yake kila siku huku kijino hicho kikiwa ndicho tatizo lote. Kwa kawaida huchomoza akiwa bado hajatimiza mwaka au ndiyo anautimiza. Wengi wanacho na hakiwasumbui. Wengine hawana kabisa. Na kuna wale ambao kwao hakikutoboa ufizi: kimelala chini, kimesogea mbele kuliko mahali pake, na kwa macho huoni kitu.

Nilinawa mikono, nikasimama ubavuni kwake. Kidole gumba kwenye pembe ya mdomo, pale pasipo na meno, naye akaufungua kidogo. Kushoto nilipitisha kidole cha shahada juu ya ufizi wa taya la juu, taratibu, kuelekea kwenye gego la kwanza, bila kufika kwenye magego yenyewe maana hapo kidole hakirudi kizima. Laini. Hakusogea. Kulia nilianza vilevile. Karibu na mwisho nilihisi kitu kama punje ya choroko chini ya ngozi, kigumu, hakisogei. Nilikuwa bado sijakibonyeza, nimekigusa tu, Kaskazi akanyanyua kichwa mpaka miguu yangu ikabaki kwenye ncha za vidole. Tulimwacha apumue. Nikagusa tena upande wa kushoto: kimya. Nikarudi kulia: kichwa juu.

Pembe ya mdomo ya kulia ilikuwa na kovu jipya jekundu. Ya kushoto ilikuwa safi.

Nikaomba waniletee lijamu aliyokuwa akivaa. Ilikuwa imenunuliwa ikiwa imetumika, ya kiungo kimoja, yenye pete zinazozunguka. Tulichukua kijiti laini cha mnazi, tukakipitisha mdomoni mwake kama chuma kinavyopita, tukatia alama pande zote mbili na kupima: sentimita 12 na nusu. Lijamu ilikuwa na sentimita 14 na nusu. Inatakiwa izidi kidogo tu, nusu sentimita kila upande inatosha. Ikizidi namna ile, inateleza kushoto na kulia, kiungo kinatoka katikati, kinashuka juu ya ulimi, na farasi anajifunza kuutoa ulimi chini yake na kuuweka juu. Ule ulimi uliokuwa ukining'inia haukuwa utovu wa adabu. Alikuwa anajiondolea kero.

Tena chuma chenyewe kilikuwa kimeota kutu karibu na pete. Upepo wa bahari wa Ununio haumwachii mtu kitu cha chuma. Kutu hiyo ilikuwa na vikwaruzo ambavyo nilivisikia kwa ulimi wangu mwenyewe, kwa sababu lijamu ya farasi ninayemfundisha huwa naipitisha kwenye ulimi kabla ya kuiweka kwake. Jambo jingine la huku kwetu: vifaa vilitundikwa kwenye ukuta wa bati unaopigwa na jua la mchana. Nchi za baridi watu hupasha lijamu joto kwa viganja kabla ya kumvisha farasi. Dar mwezi wa Februari tatizo ni kinyume chake, na chuma kilichokaa pale huunguza.

Kuhusu lijamu ile mpya ya mikono mirefu

Nilimweleza mama kwa hesabu, kwa kuwa yeye ni mtu wa hesabu. Mkono wa chini wa chuma kile ulikuwa na urefu mara mbili ya wa juu. Maana yake mnyororo wa kidevuni unakaza kwa nguvu mara mbili ya ile anayovuta mpandaji, na inayofika kinywani inakaribia mara tatu. Weka hiyo juu ya kijino kilichofichika chini ya ufizi. Kisha kaza ukanda wa pua asiweze kufungua mdomo.

Mpandaji mzoefu juu ya farasi aliyekwisha kuiva anaweza kukitumia chuma kama hicho kwa wepesi usioonekana. Kwa farasi wa miaka mitatu na nusu ni kumfunga mtu mdomo ili usisikie anavyolia. Ukanda wa pua nao una kipimo chake: vidole viwili vya mtu mzima vipite chini yake juu ya mfupa wa pua. Hata kwenye mashindano makubwa, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, limeanza mwaka 2025 kutumia kipimo maalumu cha kukagua ukanda huo, ili kuhakikisha haukazwi kupita kiasi.

Mama alisikiliza. "Kwa hiyo si mkorofi?" "Si mkorofi, mama. Lakini Desemba usiitegemee."

Daktari wa mifugo alikuja baada ya siku chache. Wengi wa madaktari wetu, hata waliosoma Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, siku zao zinaisha kwa ng'ombe, kuku na mbwa, kwa sababu farasi ni wachache. Huyu alikuwa na uzoefu wa farasi, na tulimsubiri kwa makusudi badala ya kumchukua wa karibu. Alimdunga dawa ya kumtuliza, akafunga kifaa cha kushikilia taya, akamulika kinywa chote. Alikubaliana na kidole. Alitia ganzi, akapasua ufizi kidogo, akang'oa kijino kilichokuwa kimelala kuelekea mbele, chenye ncha. Pia aliondoa kofia ya jino la utotoni iliyokuwa bado imeng'ang'ania juu ya gego jipya, na kulainisha kingo kali. Kabla ya yote aliuliza kuhusu chanjo ya pepopunda, swali ambalo mwenye farasi yeyote analazimika kuwa na jibu lake, maana farasi ni mwepesi mno kupata ugonjwa huo na kidonda cha kinywani ni mlango. Alikuwa amechanjwa.

Maagizo: hakuna lijamu mpaka kidonda kifunge kabisa.

Wiki bila chuma

Watu huuona muda huu kama muda uliopotea. Kwangu ndiyo sehemu iliyomfundisha Kaskazi zaidi kuliko nyingine zote.

Farasi haelewi kuvutwa. Anachoelewa ni kuachiwa. Ukimbonyeza mahali, anajaribu hili na lile mpaka mbonyezo uondoke, na chochote alichokuwa akifanya wakati ule unaondoka ndicho anachokiweka akilini kuwa jibu. Ukichelewa kuachia hata sekunde mbili, umemlipa kwa jambo jingine. Huo ndio msingi wa hatamu, wa mguu, wa kamba, wa kila kitu tunachofanya juu ya farasi.

Tulianza na kichwa kushuka. Nashika kamba chini ya kidevu, nauacha ukanda ulale kwenye kisogo kwa uzito mdogo, sivuti. Kaskazi aliinua kichwa. Mkono wangu ulikwenda naye juu, uzito uleule, haukuongezeka wala kupungua. Akajaribu kurudi nyuma, nikaenda naye. Kisha akashusha pua kidogo, upana wa kidole, na hapohapo kamba ikalegea. Alisimama akifikiri, akalamba midomo. Siku ile tuliishia pale. Baada ya muda alikuwa akishusha kichwa mpaka usawa wa kifua kwa kuguswa tu, na farasi aliyezoea kushusha kichwa hana haraka ya kukirusha.

Tukamfundisha kusimama, kwenda, kurudi nyuma hatua moja, na kupisha makalio kwa kuguswa ubavuni kwa kidole, pale ambapo baadaye mguu wa mpandaji ungekaa. Hapa lilijitokeza jambo la sauti. Pale bandani neno "haya" lilitumika kwa kila kitu: haya twende, haya basi, haya simama. Farasi hana njia ya kulichambua hilo. Tulikubaliana wote, saisi, binti, hata kijana wa usafi: "twende" ni kwenda, "simama" ni kusimama, "taratibu" ni kupunguza mwendo, na neno "haya" lisisikike karibu na farasi. Saisi alilishika hilo kuliko wote, akawa anawakumbusha wenzake.

Kazi ilifanyika alfajiri, dakika 15 hadi 20, haikuzidi. Joto la Dar lenye unyevu ni adui wa farasi: jasho linamtoka lakini halikauki, kwa hiyo halimpozi. Jua likipanda, farasi mchanga haelewi tena chochote. Lakini alfajiri na magharibi ndiyo saa za vijidudu vidogo vinavyouma, vile vinavyoeneza homa ya farasi ya Kiafrika, ugonjwa unaoua. Kwa hiyo tulisubiri kupambazuke vizuri, naye akipakwa dawa ya kufukuza wadudu kabla ya kutoka.

Lijamu inarudi

Kidonda kilipofunga na daktari kuridhika, tulileta lijamu mpya: sentimita 13 na nusu, viungo viwili badala ya kimoja ili isibane kama koleo, unene wa wastani. Wapo wanaoamini kwamba chuma kinene ndicho cha upole. Si mara zote. Kinywa kikiwa kidogo na ulimi mnene, chuma kinene hakina pa kukaa.

Nilikipaka molasi, ile inayouzwa kwa wafugaji. Alishusha kichwa kwa kuguswa kisogo, kama alivyofundishwa, akafungua mdomo kwa kidole gumba, akakipokea. Kwa siku za mwanzo alikivaa tu bila hatamu, akila majani nacho.

Halafu nikasimama begani kwake, upande wa kushoto, nikashika pete ya lijamu kwa vidole viwili na kuomba uzito mdogo kuelekea kwangu. Alitafuna, akalegeza taya, akageuza pua kidogo. Nikaachia. Upande wa kulia nilijua ndipo penye habari. Niliomba kwa uzito uleule. Kichwa kikaruka juu, vilevile kama zamani.

Mama alikuwepo, na niliona uso wake ukibadilika. Kijino hakipo, kidonda kimepona, na bado. "Sasa anaumwa nini tena?"

Haumwi. Kwa miezi mingi kila aliporusha kichwa, hatamu ilimtoka mtu mkononi au mtu aliiachia kwa hofu, na maumivu yakaisha. Aliuliza swali akapata jibu, mara mia. Jibu hilo halifutiki kwa sababu jino limetoka. Na hapa kuna jambo lililonigusa sana: aliyemlipa zaidi ni binti, kwa sababu ndiye mwenye mkono wa huruma. Aliyekuwa akimfundisha kabla alivuta tu, binti aliachia. Akirusha kichwa, binti alimpa hatamu yote kwa kumwonea huruma. Huruma ilikuwa sahihi, wakati wake ndio haukuwa sahihi.

Nilirudia upande wa kulia. Alipopandisha kichwa, mkono wangu ulipanda nao na uzito ukabaki uleule, bila kuongezwa hata chembe. Akatikisa. Ukabaki. Akasimama, sikio moja likanigeukia. Taya likalegea. Nikaachia yote na kumsugua shingo. Mara ya pili alirusha kwa nguvu zaidi ya mwanzo, na jambo hilo ni la kutegemea: njia iliyokuwa ikilipa inapoacha kulipa, mnyama huijaribu kwa nguvu zake zote kabla ya kuiacha. Wengi hukata tamaa hapo na kwenda kutafuta chuma kikali zaidi. Ya tatu ilikuwa fupi.

Baadaye tukatumia hatamu ndefu, mimi nikitembea nyuma yake kwa mbali na saisi begani kwake, tukizunguka uwanja na kisha njia ya nje. Njia ile ina bodaboda, bajaji, mbuzi, na kijana wa madafu mwenye baiskeli inayolia kengele. Farasi anayejifunza kugeuka na kusimama kwa hatamu ndefu katikati ya hayo, kabla hajabeba mtu, anapopandwa ana kazi moja tu mpya ya kuelewa: uzito mgongoni.

Mguu na mkono

Kosa jingine lilikuwa la mafunzo ya upandaji. Binti alikuwa ameambiwa akaze miguu ubavuni huku ameshika hatamu, ili farasi "ajikusanye", yaani akusanye mwili na kubeba uzito zaidi kwa miguu ya nyuma. Kwa farasi aliyeiva, mpandaji mahiri huweza kuvikaribisha vitu hivyo viwili. Kwa farasi mchanga ni amri mbili zinazopingana: nenda, simama. Asipoweza kwenda mbele wala kusimama, iliyobaki ni kwenda juu, na Kaskazi alikwenda juu.

Tuliweka kanuni moja na tukaisimamia: mkono ukifanya kazi, mguu unyamaze. Mguu ukifanya kazi, mkono unyamaze. Kumfundisha mguu tulitumia lile alilokwisha kulijua. Binti anabana kidogo kwa mashavu ya miguu, hapohapo mimi chini nasema "twende", naye anakwenda, miguu inaachia. Amri mpya inatangulia, ya zamani inafuata. Baada ya marudio kadhaa alianza kuondoka kwa mguu kabla sijafungua mdomo. Mguu uliobaki umebana baada ya farasi kutii unamwambia kwamba kutii hakuna faida, na farasi wa namna hiyo huishia kupigwa visigino kila hatua kwa maisha yake yote. Nimewaona wengi.

Kwa mkono, nilimfungia binti ukanda shingoni mwa farasi na kumwambia ashike ukanda pamoja na hatamu.

"Mwalimu, naogopa kumuumiza."

"Humuumizi. Akirusha kichwa, mkono wako ubaki kwenye ukanda, usivute wala usimfuate. Atakutana na uzito alioutengeneza mwenyewe. Akilegea, fungua vidole. Usimwachie akirusha, mwachie akilegea."

Na akihisi mbele panakuwa pepesi na farasi anataka kunyanyuka: mwili mbele, hatamu moja ifungue pembeni, farasi ageuke na aende. Kuvuta mbili kwa pamoja kwa farasi anayesimama kwa miguu ya nyuma ni kumwangusha juu yako. Hatukuhitaji somo hilo, lakini nilitaka alijue mwilini kabla halijahitajika.

Binti alielewa haraka kuliko watu wazima wengi niliowafundisha. Kugeuka kulia kwa mwendo wa kawaida kulikuja, kisha kusimama kwa kukaza mgongo na kusema "simama" karibu bila mkono, kisha mchakamchaka kwenye duara kubwa.

Pakatokea jambo Jumapili moja nisipokuwepo. Mjomba wa familia alifika, akataka kumjaribu farasi, na hakuna aliyeweza kumkatalia mgeni mkubwa. Alipanda akavuta. Kichwa kikaruka, naye akaachia kwa kushtuka. Saisi alinipigia simu jioni, sauti imejaa hasira. "Mwalimu, wametuharibia." Hakutia chumvi. Tabia iliyokuwa inakufa ikilipwa mara moja tu, hurudi na kung'ang'ania zaidi, kwa sababu sasa farasi anajua kwamba akijaribu vya kutosha huenda siku moja ikalipa. Tulirudi chini, begani, kwenye pete ya lijamu, na kupanda tena ngazi zote. Mama mwenyewe ndiye aliyetoa amri baada ya hapo: anayempanda ni binti, au mwalimu, basi.

Kwa sasa

Desemba ilipita. Binti alipanda likizo hiyo, lakini mwendo wa kawaida na mchakamchaka tu, ndani ya uwanja na mara chache ufukweni maji yakiwa yamekupwa, pale mchanga ulipokaza. Mchanga mkavu wa juu tunaukwepa kwa kuwa unachosha kano za miguu. Ulimi unakaa chini ya chuma. Kovu la pembe ya mdomo limebaki alama nyeupe. Upande wa kulia bado ni mzito kidogo kuliko wa kushoto, na asubuhi akiwa hajapata joto la mwili hunyanyua pua mara moja au mbili mwanzoni, halafu anaacha. Sijui farasi yeyote aliyepitia alichopitia ambaye hakubaki na kitu cha namna hiyo.

Shoti hatujaanza. Anakaribia miaka minne, na kati ya minne na mitano madume huota chonge, kwenye lile pengo ambamo lijamu hupita. Ufizi utavimba tena. Tumekubaliana na daktari akague kinywa kila baada ya miezi sita mpaka atimize miaka mitano, na saisi ana ruhusa ya mama ya kumvua lijamu na kusimamisha kazi siku yoyote atakayoona anabagua upande, bila kumsubiri mtu.